Mistari Shingoni

Staji yangu, yaani mafunzo ya vitendo, ya tiba ya mionzi niliifanya katika hospitali isiyo na mashine ya mionzi. Sitanii. Mashine ilikuwa Kampala, ng'ambo ya mipaka, na sisi tulikuwa Bujumbura na vitabu vya Kifaransa.

Profesa wetu, aliyesoma Ulaya akarudi na hasira zake zote, alikataa tujifunze kwa picha tu. Alimpa kila mwanafunzi mgonjwa mmoja. Upapase uvimbe kwa vidole, kisha uchore kwenye ngozi, kwa kalamu ya wino mzito, mipaka ya mahali ambapo mionzi ingepigwa. Siku ya mtihani angepita na rula yake. Mistari ikififia, uirudie.

Mimi nilipewa mama mmoja wa mtaa wa Buyenzi, muuza vitenge kule kwenye maduka ya mtaa wa Asiatique, mwenye uvimbe shingoni, chini ya taya. Nilimweleza kwamba najifunza. Aliitikia kwa kichwa, akafungua mtandio, akanipa shingo. Nadhani alichosikia ni koti langu jeupe.

Siku chache baadaye nilimkuta kitandani na sinia la mchanga mapajani. Alipiga viganja kwenye mchanga, akajipangusa uso taratibu, akikwepa taya. Mimi pia ni Mwislamu. Nikajua anatayamamu, anajitwaharisha kwa mchanga kama mtu aliyekosa maji. Na bomba lilikuwa palepale mlangoni, linatiririka.

"Mama, maji ipo," nikamwambia.

"Apana, mwanangu. Maji itafuta dawa."

Dawa! Mumewe, aliyekuwa akimmiminia uji, akadakia kwa furaha: "Walisema tumupeleke Kampala. Kumbe mumeanza hapa hapa. Mungu mukubwa!"

Nilikwenda mbio kwa profesa. Alinisikiliza huku akifuta miwani, kisha akasema kwa Kifaransa chake kilichonyooka kwamba maelezo ya ugonjwa anayatoa yeye, si mwanafunzi. Mtihani ulikuwa karibu. Nisimvuruge mgonjwa. Nilielewa vizuri sana: ukimuudhi profesa yule, unarudia mwaka, na nyumbani kwetu Gihosha hakuna aliyekuwa na nguvu ya kusikia habari ya kurudia mwaka.

Basi nikarudi kuchora. Kila asubuhi jasho lilikuwa limekula mistari, na mama alikuwa ananisubiri, shingo wazi. "Hapa umesahau, dokta," ananionyesha kwa kidole. Wageni wake walikuja kuitazama kazi yangu, wakanishukuru, wakaniombea dua. Niliichukia kalamu ile. Nilimchukia profesa. Zaidi ya yote nilichukia jinsi mkono wangu ulivyozidi kuwa mzuri.

Uvimbe nao haukukaa kunisubiri. Kila nilipochora nilisogeza mstari nje kidogo, na mama akafurahi kwamba dawa inaenea.

Asubuhi mstari ulipofika nyuma ya sikio, vidole viligoma. Nilifunika kalamu. Mlangoni wenzangu walikuwa wanamngojea profesa, wamenyooka kama askari, na mumewe alikuwa ameketi upande wa miguu ya kitanda. Nikasema upesi, kabla woga haujanirudia.

"Mama, muzee, munisamehe. Hii si dawa. Ni masomo yangu. Hakuna kitu kinamutibu hapa. Mashine iko Kampala, na muende sasa, musingoje."

Mama alijifunika mtandio, akaugeukia ukuta. Mumewe hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alinitazama kama anayejaribu kukisia umri wangu.

"Paspoti yake ilitoka zamani," alisema. "Iko ku nyumba, mu sanduku. Tulikuwa tunangoja we umalize kuchora."