Kila Mtu na Karai Lake

Nyumba yetu ya mtaa wa Ng'ambo ilikuwa na sehemu mbili. Mbele palikuwa na vyumba vya bati, alivyojenga baba alipokuwa karani wa reli. Nyuma, ukivuka ua, palibaki kipande cha tembe la zamani: kuta nene za udongo na paa la udongo, bapa kama meza. Tembe hilo alilijenga babu yake baba, mpagazi aliyebeba pembe za ndovu za watu wengine hadi pwani mara nyingi hata akaapa kwamba akipata kwake hatabeba kitu tena. Chumba cha mwisho alikaa shangazi, dada mkubwa wa baba, mjane, aliyezaliwa humo na hakuona sababu ya kwenda kufia kwingine.

Paa la udongo huvuja. Dawa yake, kwa desturi ya nyumba yetu, ilikuwa udongo zaidi. Kila mwaka kabla ya mvua, kila mtu alipanda ngazi na karai lake, akamwaga na kushindilia. Mtoto akizaliwa, baba yake alipanda kwa niaba yake, kwa hiyo mimi nilianza kuliezeka paa lile kabla sijajua kukaa. Hakuna aliyewahi kujiuliza kinachopanda kila mwaka bila kushuka kitaishia wapi. Ukoo mzima wa wapagazi, na hakuna aliyefikiria uzito.

Mwaka mmoja nilirudi likizo kutoka chuo kikuu nikakuta boriti ya kati imepinda. Shangazi alinionyesha kwa fimbo yake, akiwa amelala kitandani. Alikuwa amekwisha kukihamisha kitanda, na vumbi bado lilimwangukia kwenye chai. Alichotaka ni kimoja: aitwe fundi, audondoshe udongo wote, aezeke bati, au hata nyasi.

Tatizo ni kwamba baba alikuwa balozi wa nyumba kumi. Katika mkutano wa tawi la chama alikuwa amesimama na kusema kwamba anayemlipa mwenzake afanye kazi ambayo mikono yake mwenyewe inaiweza, amepanda mbegu ya unyonyaji uani kwake. Maneno hayo alikuwa ameyaokota kwangu likizo iliyotangulia, nami nilikuwa nimeyaokota kwenye ukumbi wa mihadhara, nikiwa nimekaa nyuma karibu na dirisha. Sikuweza kupigilia msumari ukanyooka, lakini niliweza kukueleza nani anadhulumiwa na nyundo.

Na fundi mwenyewe hakuwa johari. Alikuwa jirani yetu. Alishika nyumba tatu kwa mpigo bila kumaliza hata moja, na mlango aliomtengenezea muuza mafuta wa mtaani ulifunguka kwa teke tu. Alikuja bila kuitwa, akaitazama boriti, akasema udongo ushuke, ukuta ubomolewe, tembe lote livunjwe, na choo pia kihamishwe.

Baba akacheka. "Umekuja kutazama boriti, sasa unataka kuhamisha mtaa."

"Balozi, mimi nakula kwa kazi," fundi akajibu. "Wewe unakula kwa hotuba."

Akaondoka. Tangu hapo baba asingeweza kumwita bila kuonekana ameshindwa. Bati zenyewe ziliuzwa kwa kibali tu na dukani hazionekani, jambo lililompa baba sababu nzuri ya kuweka mbele ya ile ya kweli.

Alasiri moja shangazi alimwita baba mlangoni pake. Nilikuwepo.

"Mdogo wangu, toeni huu udongo."

"Dada, huu ni udongo wa wazee."

"Najua. Wengine niliwaona wakiupandisha. Hata wapagazi walikuwa wanatua."

Baba akasema tutaweka nguzo, yeye na mimi. Nyumba ni yetu na mikono tunayo. Akamsihi ahamie mbele mpaka mvua ziishe. Shangazi akakataa kuwa mgeni nyumbani kwao.

"Nataka kufia humu," akasema. "Ila sitaki nyumba ndiyo iniue."

Tulikata nguzo porini, upande wa njia ya Kigwa. Ilipungua urefu, baba akaiwekea matofali chini. Akaipiga kofi kama mtu anayemsifu ng'ombe, nami nikaisifu vilevile. Kisha, kwa kuwa mawingu yalikuwa yamekwisha kujikusanya, akapanda akamwaga karai lake. Nami nikamwaga langu. Shangazi hakuweza tena kupanda, kwa hiyo baba akapandisha na la shangazi kwa niaba yake, kama wafanyiwavyo watoto wachanga.

Mvua ilishuka Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini. Sauti ya paa la tembe kuanguka haikuwa kubwa. Mama alidhani mtu ametua gunia uani.

Tulikuja mbio na kanzu zetu. Fundi alifika na koleo lake mbele ya wote, akatupanga nani asimame wapi ili ukuta usitumalize na sisi. Tulipomfikia shangazi alikuwa amekwisha kufa.

Wanawake walimpeleka vyumba vya mbele. Baba akabaki anasomba udongo peke yake, akiujaza hadi ukingoni mwa karai na kukataa kupokewa. Fundi akasimama mbele yake njiani.

"Tua, balozi."

"Huu ni wa kwetu."

"Najua. Tua."

Baba akatua. Akakaa palepale, kwenye tope, na wanaume wa mtaa wakaendelea.

Siku hizi namwita fundi hata kwa kitasa, na mafundi huniharibia vitasa kwa amani kabisa. Sijapata kuwadai hoja yoyote. Lakini udongo ule siusahau. Hadi Magharibi ulikuwa umeziba njia mbele ya nyumba mpaka ukutani kwa jirani, na bado ndani ya tembe ulikuwapo. Asubuhi yake waliokuja kumzika shangazi walilazimika kuzunguka.