Kioo cha Tatu
Mpima damu wa mifugo humsalimia ng'ombe kwanza, mwenye ng'ombe baadaye. Vidole vyake vifupi hupapasa chini ya sikio kutafuta tezi lililovimba, kisha huchoma ncha ya sikio apate tone la kupaka kwenye kioo. Ukimsemesha akiwa kwenye hadubini, huanza upya. Jana mzee mmoja alileta ng'ombe aliyeogeshwa akang'aa kama bibi harusi.

"Hana hata kupe mmoja, mwanangu. Ni uchovu tu."

Mpima akainamia hadubini. Kioo cha kwanza hakikuwa na kitu, cha pili vilevile. Akapaka cha tatu, mzee ameshashika kamba aondoke. Humo akaviona vijidudu vya ndigana, homa iletwayo na kupe.

"Ngozi umeiosha, baba. Damu hukuiosha. Mshike kichwa, nimchome sindano."