Jani Moja Bichi

Mwanamke yule aliniua nikiwa hai, nje ya kanisa letu pale Albert Park, watu wakitoka ibadani. Yeye aliongoza kwaya. Mimi niliuza lengalenga, ule mchicha wetu wa Kongo, niliolima mwenyewe nje kidogo ya Durban. Alinyanyua fungu langu moja juu, wanawake wote waone.

"Mama, kama iko safi, kula jani moja hapa."

Nilishindwa. Jana yake nilikuwa nimepulizia dawa ya wadudu, kama tulivyofanya wakulima wote, maana wateja hao hao hawagusi jani lenye tundu. Wakanicheka. Jumapili iliyofuata hakununua mtu, nikarudi nyumbani na gunia zima.

Nilimchukia mchana na usiku. Nikaapa kwamba siku moja atakuja kuomba mboga yangu, nami nitamlisha jani bichi hadharani, auonje woga ule.

Ndiyo sababu nilimtafuta bwana shamba. Nikajifunza kungoja siku zote zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa kabla ya kuvuna. Baadaye nikaiacha dawa kabisa, nikawa naokota viwavi kwa vidole. Ule mtaro tuliozoea kuoshea mboga niliupa kisogo, nikateka maji ya bomba. Majani yenye matundu niliwatupia kuku. Bwana shamba alijisifu kwamba mafunzo yake ya afya yamenigeuza, nikamwacha aamini hivyo. Kumbe katika kila kiwavi niliyemminya, nilimwona yule mama.

Wateja walirudi, hata wenye maduka ya mtaa wa Overport wakanifuata shambani. Mwishowe akaja na yeye. Binti yake alikuwa anaolewa, na upande wa bwana harusi walikuwa wamesema hawali lengalenga isipokuwa ya kwangu. Akasimama mbele ya meza yangu nje ya kanisa, wanawake wale wale wamemzunguka. Moyo ulinidunda kwa furaha.

"Mama, kula jani moja kwanza," nikamwambia.

Akalichukua, akalitafuna bila kusita, akachomoa la pili kwenye fungu.

"Kwako siogopi, mama," akasema, mdomo umejaa. "Batu yote banajua mboga yako iko safi."

Wanawake wakaitikia, eeh. Miaka yote ile nilijitesa ili aogope, kumbe nilikuwa namwondolea woga kwa mikono yangu mwenyewe. Nikamfungia mafungu yake, mazuri kuliko yote. Bado namchukia.