Nishani ya Luteni Apollinaire

Hapa mtaani Albert Park gari haliegeshwi bila idhini ya Luteni Apollinaire. Atasimama nyuma yako na kizibao chake cha njano cha mlinzi wa magari, nishani kifuani, akupungie mkono: njoo, njoo, kata kulia, simama. Ukimpuuza utakwaruza bampa, naye atakutazama kama kuruta. Nishani aliipata Kongo, alipokuwa kamanda wa kifaru cha vita. Jinsi alivyokichomoa kifaru hicho kwenye moto mtaa mzima tunajua, na kila mwaka maadui wanaongezeka.

Basi Cathy wa saluni alipotaka kuolewa, kanisa likiwa mbali kule Queensburgh, nani mwingine angeendesha gari la bibi harusi? Marehemu baba yake, Baudouin, alipigana ndani ya kifaru hichohicho. Luteni akakubali, kifua mbele.

Jumamosi magari yakajipanga na riboni zake, honi zikalia. Luteni akakaa kwenye usukani. Akakaa, akakaa. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma na bibi harusi, nimemshikia shela, nikaona jasho likimtiririka mzee shingoni.

"Tonton, mjomba, iko shida?" Cathy akauliza.

"Mimi sijue kuendesha."

Nilitamani kucheka, nikaogopa ile nishani.

"Kamanda anasimama juu," akasema bila kugeuka. "Anaona njia, anamupiga dereva teke ku bega. Kushoto, kulia. Kuendesha ni kazi ya dereva."

Cathy ndiye aliyecheka, mpaka wanja ukamchirizika. Akavua viatu, akakunja gauni, akashika usukani mwenyewe. Luteni akahamia nyuma yake, akawa anamgonga bega kwa kidole: kushoto, kulia, taa ya robot nyekundu, simama. Njia Cathy aliijua vizuri kuliko yeye, lakini alitii kila kidole.

Mlangoni pa kanisa mzee akaivua nishani. Nikamwonea huruma.

"Siku ile nilifunga macho," akamwambia Cathy. "Moshi, woga. Sikupiga teke hata moja. Baba yako, dereva wangu, njo alitutoa."

Akamchomekea nishani kwenye gauni. Cathy akamshika mkono, wakaingia pamoja, na huko ndani hakuna aliyeuliza kwa nini bibi harusi analia.

Jumatatu Luteni alirudi kazini, kizibao kitupu. Habari ya kifaru bado anaisimulia, ila sasa inaanza na Baudouin, na maadui wamepungua.