Koti la Rangi ya Damu ya Mzee

Mwalimu hakuwa na shida na gauni lake. Alilitoa kabatini, lile refu la kijani alilolivaa kwenye harusi ya binti yake, akalijaribu, zipu ikagoma katikati ya mgongo, akalipeleka kwa fundi likapanuliwa mbavuni, mjadala ukafungwa. Watu wanaoumiza kichwa kwa ajili ya nguo alikuwa akiwacheka. Kilichomnyima raha safari hii ni mavazi ya mumewe.

Binti yao wa kwanza anauza safari katika ofisi ya mawakala, na mwaka huo ofisi ilimpa nafasi ya watu wawili kwenye meli ya kitalii, moja ya zile zenye ghorofa nyingi kama hospitali ya rufaa. Akaamua waende wazazi wake, ambao wote walikuwa wameshastaafu na wanapishana kwenye korido ya nyumba yao kutwa nzima. Katika safari hiyo zilikuwamo jioni mbili ambazo abiria hutakiwa kwenda kula katika ukumbi mkubwa wakiwa wamevalia rasmi. Siku nyingine vaa utakacho, hata kaptura.

"Baba ni rahisi," binti alisema kwenye simu. "Suti nyeusi, shati jeupe na tai ya kipepeo. Wanaume wote wanavaa hivyo."

"Baba yako hapana," Mwalimu akajibu.

"Kwa nini tena, mama? Si anazo tele?"

Hapo ndipo penye kazi. Alikuwa nazo tele. Mumewe alikuwa mhudumu wa mezani katika hoteli kubwa ya mjini tangu hajaota ndevu sawasawa hadi kichwa kikawa cheupe, na wahudumu wa hoteli ile walivaa suti nyeusi, shati jeupe na tai ya kipepeo. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Kipepeo, na wengine hawakujua kabisa kama ana jina jingine.

Huyu Kipepeo alikuwa hakai mezani. Siku zake za mapumziko alitandika kitambaa, akapanga vijiko, akawapakulia watoto, akampakulia mkewe, kisha akasimama nyuma ya viti vyao na taulo mkononi, akiangalia nani amepungukiwa nini. Wakishamaliza, alikusanya sahani, akaingia jikoni, akala wima, ameegemea sinki, matonge machache ya harakaharaka. Ndivyo wanavyokula wahudumu nyuma ya mlango wa jiko la hoteli, kati ya oda moja na nyingine. Mtu akila hivyo maisha yake yote ya kazi, miguu inasahau njia nyingine.

Wanawake wa mtaani walimwonea Mwalimu wivu mpaka wakakonda. "Una mume wa kukuwekea sahani mbele, wifi," dada yake Kipepeo alimwambia. "Wa kwangu hata glasi haijui inakaa wapi. Unataka nini tena?" Mwalimu alicheka tu. Malalamiko ya namna hiyo hayana ofisi ya kuyapeleka. Alifundisha darasa la kwanza maisha yake yote, akawakalisha chini watoto wenye kichaa cha kila aina, lakini mwanamume mmoja wa nyumbani kwake alimshinda.

Alidhani kustaafu kutamtibu. Wapi! Jioni ya kwanza ya kustaafu Mwalimu alimwambia, "Kaa basi, mzee, tule." Kipepeo akakaa pembeni kabisa mwa kiti, kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Akainuka kufuata chumvi. Akakaa. Akainuka kufuata maji. Mara ya tatu alifuata kijiko ambacho hakuna aliyekihitaji, na Mwalimu akasikia huko jikoni anatafuna.

Lakini lililomuuma ni la harusi. Waliwekwa meza ya mbele pamoja na wakwe, Kipepeo ndani ya suti nyeusi, amenyooka kama rula. Katikati ya chakula Mwalimu akageuka amwambie neno, akakuta kiti kitupu. Mwenzake yuko kule kwenye sufuria, anawaelekeza wapakuzi namna ya kubeba sahani tatu kwa mkono mmoja. Katika picha zote za meza ile yumo Mwalimu, wamo wakwe, na kati yao kuna kiti chenye leso iliyokunjwa vizuri sana. Mwalimu hakusema kitu siku ile wala baadaye. Lakini iliuma, na kila albamu ilipofunguliwa mbele ya wageni iliuma upya.

Kwa hiyo alichokitaka melini kilikuwa kidogo na kinajulikana: mlo mmoja, kuanzia supu mpaka chai, na mumewe amekaa kwenye kiti mbele yake. Mmoja tu. Na alivyolichambua jambo hilo, mchawi alikuwa suti. Akiwa na nguo za nyumbani Kipepeo huinuka, ni kweli, lakini angalau huanza kwa kukaa. Akivaa nyeusi na nyeupe hata hicho kiti hakioni. Haivai suti ile, inamvaa yeye. Dawa ni kumvika kitu ambacho hakuna mhudumu duniani aliyewahi kukivaa.

Akampeleka kwa fundi cherehani, yule yule aliyelipanua gauni. Fundi alikuwa mama mnene mwenye tepu shingoni na pini mdomoni, mwepesi wa kuongea hata na hizo pini.

"Tumshonee ya kijivu," fundi akasema. "Kijivu kinampendeza mtu mzima."

"Kijivu ni watu wa mapokezi," Kipepeo akasema.

"Bluu je?"

"Bluu wabeba mizigo."

"Haya, ya maziwa. Tumtoe kama bwana harusi."

"Hiyo ya wapishi," Kipepeo akasema kwa upole. Hakuwa anabisha. Alikuwa anajibu anachoulizwa.

Fundi akatema pini kwenye kiganja. "Baba yangu, hiyo hoteli yenu iliwaachia binadamu wengine rangi gani?"

Kipepeo akaangaza rafu moja baada ya nyingine, kwa makini ya mtu anayekagua glasi kama zina alama za vidole. Mwishowe akaonyesha jora lililosukumwa pembeni kabisa, mahameli nzito ya rangi ya damu ya mzee, iliyobakizwa na mteja aliyeshonewa mapazia ya sebuleni. "Hiyo hatukuwa nayo," akasema.

Mwalimu karibu ampigie makofi.

Koti lilipokamilika Kipepeo alisimama mbele ya kioo cha fundi, akajigeuza upande huu na upande ule. Mabega yalikaa vizuri, vifungo viling'aa. Mwenyewe hakuonekana kushawishika. "Nimekuwa kama kochi," akasema.

"Kochi halinyanyuki," Mwalimu akamjibu. "Limekaa sawa."

Kipepeo hakuuliza zaidi. Mhudumu mzuri hamuulizi mgeni kwa nini anataka supu baridi, na Mwalimu alifurahi kimoyomoyo kwamba mzee hajashtukia mpango. Binti alipotumiwa picha alipiga simu hapohapo. "Mama, huyo baba mmemfanya nini? Watu watamshangaa!"

"Wamshangae akiwa amekaa."

Melini siku za mwanzo walikula juu, kwenye ukumbi wa kujipakulia, ambako kila mtu hubeba sahani na kwenda kwenye masufuria mwenyewe. Kipepeo alijiona yuko peponi. Alienda, akarudi, akamletea mkewe tunda, akamletea uma mwingine, akamwokotea leso bibi mmoja wasiyemfahamu. Mwalimu alimwacha. Milo hiyo hakuihesabu. Alikuwa anaitunza nguvu yake kwa ajili ya jioni ya mavazi rasmi.

Ilipofika, walivaa chumbani wakigongana viwiko, maana chumba cha meli ni kama kabati lenye kitanda. Mwalimu alimfunga mumewe vifungo, mumewe akamfunga zipu. Koridoni watu waliwapisha na kuwatabasamia, mama mmoja akalishika lile koti kidogo kwenye mkono akasema ni zuri ajabu. Mwalimu akatembea roho kwatu, gauni linafagia zulia.

Mlango wa ukumbi mkubwa ukafunguliwa. Taa, vioo, maua, na wahudumu wamepangwa mstari kuwapokea wageni. Na wahudumu wote, wa kike kwa wa kiume, kwa heshima ya jioni ile walikuwa wamevikwa makoti ya mahameli ya rangi ya damu ya mzee.

Kipepeo akalitazama koti la mhudumu wa kwanza. Akautazama mkono wake mwenyewe. Kisha akacheka, akacheka mpaka akashika nguzo, machozi yakamtoka. Mwalimu hakucheka. Yeye alitaka kulia, na kama si wanja aliopaka angelia palepale mlangoni.

Walipewa meza ya watu wawili. Supu ikaja. Kipepeo akachota mara moja, na kabla hajachota tena, mwanamke wa meza ya jirani akainua kidole bila kumtazama usoni. "Samahani, maji tafadhali." Mwalimu akaona goti la mumewe likikaza chini ya kitambaa cha meza. Likalegea. Halafu mwanamume mmoja upande wa pili, yuko katikati ya hadithi yake, akamnyooshea Kipepeo kikapu cha mkate kilichokwisha, na Kipepeo akakipokea. Akanyanyuka nacho.

Basi, Mwalimu akajisemea. Ndiyo imeshatoka hiyo. Akaikazia macho supu yake ili asimwone anavyoondoka.

Lakini hakuondoka. Alisimama pale, kikapu mkononi, akikitazama. Mhudumu wa kweli alipopita akamkabidhi. Kisha akafungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, akalivua, akalitundika mgongoni mwa kiti, akakaa na shati.

Mkuu wa wahudumu akafika kabla supu haijapoa, mtu mwembamba mwenye adabu zake. Akainama kidogo. "Samahani sana, bwana. Jioni hii humu ndani makoti hayavuliwi."

"Najua," Kipepeo akasema. "Hata mimi nimewaambia wengi hivyohivyo."

"Basi ningekuomba tu ulivae."

"Siwezi, ndugu yangu. Nikilivaa nitanyanyuka. Na huyu mama amekuja mpaka huku ili nikae."

Mwalimu aliacha kijiko kikazama. "Kumbe ulijua?"

"Mwalimu, umenishonea koti la mapazia," Kipepeo akasema. "Ulidhani sijiulizi?" Akaugeuza uma mezani, akaurudisha ulivyokuwa. "Na kile kiti cha kwenye picha nimekiona. Nakiona kila ukifungua ile albamu. Nimekosa tu namna ya kukwambia."

Mkuu wa wahudumu alimsikiliza hadi mwisho, na ilionekana wazi kwamba hakupenda anachokwenda kusema. Lakini sheria ilikuwa ya meli, si ya kwake. Akawaeleza kwamba juu, kwenye ukumbi wa kujipakulia, hakuna anayemwangalia mtu nguo. Kipepeo akamshukuru kama mtu wa kazi anavyomshukuru mwenzake, wakaondoka, supu nusu.

Huko juu watu walikuwa na kaptura na kandambili, nywele bado zina maji ya bwawa. Mwalimu alipita katikati yao ameshika pindo la gauni, hata hakuwaona. Wakapata meza karibu na dirisha. Kipepeo akamvutia kiti, yeye akabaki wima, tayari kwenda. "Nikuletee nini?"

"Kaa."

Aliitoa ile sauti ya darasa la kwanza, isiyo kubwa lakini haina mlango wa pili. Kipepeo akakaa.

"Leo naleta mimi," Mwalimu akasema, akaenda kwenye foleni.

Akachukua sahani mbili. Ya kwake aliijaza bila kufikiri. Ya mumewe akaanza, akasimama. Wali au viazi? Samaki au kuku? Anapenda mchuzi mwingi au kidogo? Hakujua. Alikuwa ameishi na mtu huyu mpaka wakapata wajukuu, na sahani yake hajawahi kuitazama ina nini, kwa sababu karibu siku zote ililiwa upande wa pili wa ukuta. Watu nyuma yake wakaanza kuguna. Akachota kidogo cha kila kitu, na wala hakugeuka nyuma, kwa sababu aliogopa atakachokikuta.

Ndipo glasi zikaanguka. Si moja, ni trei nzima, ule mlio wa kupasuka usiokwisha, na ulitokea upande wa dirishani. Mwalimu akafumba macho. Kama kuna kitu cha kumwinua Kipepeo kutoka hata kaburini, ni hicho.

Alipogeuka aliona vipande vimetapakaa sakafuni, watu wanaruka pembeni, mfanyakazi anakimbilia ufagio. Na karibu kabisa na vipande hivyo, kiasi kwamba kimoja kilikuwa kinagusa kiatu chake, Kipepeo alikuwa kitini. Jasho limemtoka usoni. Mikono yake yote miwili ameikalia, viganja chini ya mapaja, amebana haswa.

"Fanya haraka, Mwalimu," akasema alipomwona. "Nateseka mwenzio."

Mwalimu akaweka sahani mbele yake, akaweka ya kwake, akavuta kiti, akakaa.

"Haya," akasema, "toa mikono. Kula."