Uji wa Safari

Mimi nauza ndakala, dagaa wakavu wa ziwani, sokoni Kalemie, na ubishi ndio mtaji wangu. Nilipoambiwa uvimbe wa tumboni lazima utolewe, nilibishana hata na mtaalamu wa usingizi. Nilimwambia anichome sindano ya mgongo tu, nibaki macho, nione wanachonifanya. Dada yangu mkubwa alilazwa usingizi wa upasuaji zamani, na hakuamka. Niliogopa, sioni aibu kusema.

Alikuwa mzee mpole, hana haraka; kwa heshima tulimwita Papa. Alinieleza kwamba kwa upasuaji mkubwa namna ile atatumia vyote viwili. Mgongoni ataweka mrija mwembamba wa kupitisha dawa ya kuzuia maumivu, kisha atanilaza. Kwa kuwa maumivu yatakuwa yamezuiwa, dawa ya usingizi haitahitajika nyingi. Mrija ungebaki siku mbili baadaye, ili niweze kupumua na kukohoa bila kulia. Mwisho akakataza chakula chochote kuanzia usiku.

Alfajiri mama yangu akafika na teremosi ya uji. Mama ni mtu wa Zongwe. Kwao hakuna anayepanda mtumbwi kuja Kalemie bila uji tumboni, hata awe mgonjwa, hata awe amenuna. Nilimkumbusha katazo.

“Mutu haende safari na tumbo tupu,” akasema.

Mimi mbishi wa soko zima, nilishindwa kumkatalia. Nikanywa kikombe kizima, tukakubaliana kunyamaza.

Mlangoni mwa chumba cha upasuaji, yule Papa akaniuliza kama nimekula. Nikasema hapana. Akauliza tena, taratibu, na kunieleza sababu: mtu akilazwa na kitu tumboni, kinaweza kupanda na kuingia mapafuni, asiamke tena. Mama alikuwa amenishika mkono. Nilihisi vidole vyake vinalegea.

“Nilikunywa uji, Papa,” nikasema.

Hakufoka. Alinishukuru kwa kusema kweli, akaahirisha upasuaji hadi kesho yake.

Mchana kutwa mama alikaa kwenye ukingo wa kitanda changu. Jioni ndipo aliposema, akitazama ukuta.

“Dada yako naye, ile asubuyi, nilimunywesha.”

Hasira ilinipanda, sikatai. Nilimpenda sana dada yangu. Lakini hakuna ajuaye kama ni uji uliomchukua.

“Wakati ule hakuna mutu alitufasiria, Mama,” nikamwambia. “Mimi walinifasiria, na bado nilikunywa.”

Akalia, nami nikalia naye. Usiku ule hatukutia kitu mdomoni, si yeye wala mimi.

Asubuhi nilikaa nimeinama, nikahisi ubaridi mgongoni, kisha mchomo mdogo kuliko nilivyoogopa. Yule Papa akanilaza chali, akaahidi hataondoka karibu na kichwa changu. Kitu cha mwisho nilichosikia ni sauti yake ikiniambia nivute pumzi.

Nikaamka. Tumbo lilikuwa limefungwa bandeji, na maumivu yalikuwa mbali kabisa. Nikakohoa makusudi, mara mbili, kwa ubishi tu, na nikafurahi mpaka machozi.

Mama alikuwa pembeni, teremosi magotini, imefungwa kwa nguvu. Nikamwambia nina njaa, anipe uji.

“Ngoja kwanza,” akasema. Akainuka, akaenda kumwuliza Papa.