Marashi ya Ndimu ya Fundi

"Shoga, yule fundi anaficha harufu ya pombe," jirani alimnong'oneza mama kijana. "Mwanamume gani anajimwagia marashi kutwa nzima?" Roho ikamruka, maana mke wa huyo fundi wa injini ndiye aliyemlelea mwanawe akienda kazini.

Tangu hapo akawa anamtazama kwa jicho la pembeni. Kila akirudi kutoka gereji, fundi alisugua mikono kwa sabuni na mchanga hadi kwenye viwiko, akaikausha kidole kimoja kimoja, kisha akafungua chupa ya marashi ya ndimu na machungwa, yale ya wanaume wa zamani, akajipigapiga shingoni. Ua mzima ukanukia ganda la chungwa. Punde harufu ikapotea, naye akaongeza. "Haya yana adabu," alisema kwa sauti yake ya kukwaruza. "Yanapiga hodi, yanasalimia, yanaondoka. Si kama yale mazito, yanahamia sebuleni kama shemeji asiye na kazi!"

Jioni moja mama kijana alikwenda kumchukua mtoto, akiwaza atamnusaje mdomo bila kumwaibisha. Mtoto alikuwa mkekani, amemnyooshea fundi mikono, analia. Fundi alisimama kaficha mikono yake mgongoni. Mama kijana akamsogelea, akavuta hewa puani. Pombe hakuna, ni ndimu tu, na chai. Mama kijana akashusha pumzi.

"Mama, pua yangu dizeli ilishaiua zamani," fundi alisema, "na mke wangu anayeninusia leo ana mafua. Hebu ninuse wewe. Harufu ya dizeli imetoka, nimbebe?"